Tuta la Nyuma ya Tangi

Tangu nistaafu, vijana mlioachiwa sehemu ya mboga mmenipigia simu mara nyingi kuliko watoto wangu wa kuzaa. Sijui nicheke au ninune. Mmeniuliza mbegu ya vitunguu vikubwa nimeiweka wapi, poda hupakwa lini, na kwa nini ule ubao mrefu wa stoo usijengewe banda la kuku. Juzi ndipo mkaniuliza swali nililokuwa nikilingoja: kwa nini miaka yote hiyo, kila asubuhi kabla ya chai, mlikuwa mkiniona nikimwagilia tuta la nyuma ya tangi, nalo halina kitu. Mkaongeza kwamba meneja mpya anataka lipandwe sukuma wiki. Nimeketi kuandika kabla hajaleta jembe.

Nitaanza mbali kidogo, mnivumilie. Mlikuwa hamnisikilizi nikiwa kazini, sasa mtanisoma.

Nilifika Kitengela mwanzoni mwa miaka ya tisini nikitoka Makueni, sanduku la bati mkononi na viatu vya kanisani miguuni, maana aliyenitafutia kazi alisema tu kwamba ni kwa daktari. Nilidhani nitapiga deki zahanati. Kumbe Daktari mwenyewe ni wa mifugo, anaishi Nairobi, na huku ana shamba la mboga analolitembelea Jumamosi akiwa amevaa kofia. Siku hizo mji ulikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga, na nyuma ya ua wetu nyumbu walipita bila haraka, kama wenye nchi. Viatu vyangu vya kanisani viliishia kwenye matope siku hiyo hiyo.

Aliyenipokea ni Mzee Nzioka, msimamizi wa mboga, Mkamba mwenzangu, mwembamba, mwenye koti la jeshi alilolivaa kiangazi na masika. Ujana wake aliumaliza kwa mzungu mmoja wa milima ya Mua aliyekuwa na wazimu wa vitunguu vya maonyesho. Mzungu alipoondoka, wazimu ulibaki na Nzioka.

"Umeolewa?" aliniuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Uko na watoto?"

"Niko nao wawili."

"Basi unajua kuamka. Hiyo ingine nitakufundisha."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mahojiano yangu ya kazi. Ninyi mlifanyiwa mahojiano ya siku nzima, na wengine wenu kuamka bado.

Akanipeleka kwenye tuta moja, akanilaza kifudifudi juu ya ubao uliokingama kutoka ukingo hadi ukingo, akaniambia nikunje mkono wa sweta na kuzamisha mkono udongoni. Ukaingia mpaka kwenye kiwiko bila kukaza, na ndani kulikuwa na joto. "Mkono ukikwama kabla ya kiwiko, tuta bado," alisema. "Na mtu akikanyaga hapa na mguu namfukuza, hata kama ni Daktari." Ubao wenyewe ndio huo mnaoutamani kwa kuku.

Kitunguu cha kawaida hulala popote. Cha maonyesho, kile kinachotakiwa kuujaza mkono wa mwanamume na bado kibaki nje ya vidole, kinataka malazi. Udongo wetu mweusi mnaujua: masika unang'ang'ania jembe, kiangazi unapasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu wa mbuzi. Tulikuwa tunauchimba na kuutoa wote mpaka mchimbaji aonekane kifua tu. Chini tunatandika kokoto ili maji yapite, juu yake mabua ya mahindi, halafu mbolea ya boma iliyokaa miaka, halafu udongo mwekundu kutoka upande wa Ngong, majivu, na mifupa ya buchani iliyochomwa na kutwangwa. Likijaa tunalizungushia mbao na kuliacha lipoe, mpaka siku Nzioka atakapolala juu ya ubao, azamishe mkono na kufumba macho. Mara nyingine alifumba muda mrefu hata nikadhani amesinzia.

Mbegu tuliisia kwenye makopo kabla ya Krismasi. Mvua za Machi zikikaribia tunahamisha miche kwa kijiko cha supu, mmoja mmoja, na baadaye tunaizungushia pete za mianzi ili majani yasivunjike, maana kila jani linalovunjika ni ganda linalokosekana chini. Agosti tunaving'oa kwa uma wa mpini wa mti mgumu wa mutamaiyu, tunavikausha kivulini, tunafunga shingo kwa katani, na hapo ndipo poda inapoingia. Ni poda ile ile ya mtoto mchanga. Hukausha ganda bila kulipasua, na kitunguu hushika rangi moja. Mwenye duka alizoea kumtania Nzioka kwamba mtoto wake huyo wa kila mwaka mbona hakui. Baada ya poda, kila kimoja hufungwa kitambaa cha flana na kulazwa kwenye sanduku la maranda, vitano vinavyofanana, maana seti ni vitano.

Jambo la mwisho la ufundi, nalo mlishike kwa sababu litatufaa mbele. Waamuzi huchagua kimoja katika seti na kukipasua katikati, waone kama moyo ni mmoja. Siku zote hupasua kile kikubwa.

Mwaka nenda mwaka rudi tulikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja wa Ngong ambaye Nzioka hakukubali hata kulitaja jina lake. Alimwita "yule wa milimani". Nilimhurumia mzee wangu. Alikuwa karibu kustaafu, na aliniambia waziwazi tukiwa tunapepeta majivu: "Mwiitu, mimi sitaki kitu ingine. Nataka kikombe moja tu. Nikipata hiyo, nitakunywa uji ndani yake mpaka nife." Mwiitu ni binti, kwa Kikamba. Aliniita hivyo mpaka nikawa nyanya.

Sasa tufike kwenye tuta lenyewe.

Kuhusu mbolea ya boma, Nzioka alikuwa na sheria moja aliyofunzwa na majirani zetu Wamaasai: kabla hujachukua, uliza wenyewe walihama kwa nini. Boma lililohamwa kwa sababu ya nyasi au kupe, chukua. Lililohamwa kwa sababu ya msiba, hata samadi yake iwe nyeusi namna gani, liache. Aliishika sheria hiyo kuliko katekisimu, na mara mbili tatu nilimwona akirudisha mkokoteni mtupu.

Ukaja mwaka wa ukame katikati ya miaka hiyo ya tisini. Majirani waliswaga ng'ombe wao mbali, hapakuwa na mbolea ya kununua wala mtu wa kuuliza. Ndipo Abdi akaja na lori. Abdi alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa Garissa, mtu mcheshi, aliyekuwa akipeleka mbuzi soko la Kajiado na kurudi na chochote atakachokipata njiani. Siku hiyo alirudi na mbolea nyeusi, laini, isiyo na harufu kabisa.

"Umetoa wapi?" Nzioka alimwuliza.

"Mbele ya Kajiado, mzee, barabara ya ndani. Boma ya zamani. Hata miiba ya ua imeoza."

"Uliuliza nani?"

"Sasa nitauliza nani? Hakuna mtu huko. Hata mbwa hakuna."

Nzioka alichukua konzi moja, akaikamua, akainusa. Nilikuwa nimesimama pale nikingoja amwambie ageuze lori. Akainua macho, akatazama upande wa milima ya Ngong, ambayo asubuhi hiyo ilionekana vizuri sana. "Mwaga nyuma ya tangi," akasema. Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyofundishwa, lakini kuuliza kuna hatari yake: unaweza kujibiwa.

Tulilijenga tuta jipya kwa mbolea ile. Miche ilishika kuliko mwaka mwingine wowote. Nzioka alianza kupiga mluzi, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia.

La kwanza nililoliona ni maji. Matuta mengine, ukimwaga maji yanatuama kidogo, kisha yanashuka polepole. Hili lilikunywa. Nikiinamisha kopo, maji hayakupata hata nafasi ya kung'aa, na kutoka chini ilisikika sauti ndogo, ya koo. Nilidhani ni tundu la panya. Nikachunguza, hapakuwa na tundu. Nikimwaga tena, linameza tena, na siku nilipochelewa kwa sababu ya mazishi ya jirani, nilikuta udongo umepasuka nyufa nyembamba kama midomo ya mtu mwenye homa, ingawa tuta la pembeni yake lilikuwa bado na unyevu.

La pili ni baridi ya Julai. Mnajua ukungu wa Kitengela mwezi huo, unavyolala juu ya kila kitu mpaka saa ya chai. Juu ya tuta lile haukulala. Ulikuwa unazunguka mbao za pembeni na kusimama hapo. Nzioka alisema mbolea bado inapika, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba mbolea ya zamani namna ile imekwisha kupika.

Kisha majani. Upepo wetu huvuma kutoka mashariki, na vitunguu vyote vya shamba viliinamia magharibi. Vya nyuma ya tangi viliinama kusini, upande wa Kajiado, vyote, kama kanisa lililoambiwa liiname. Tulivizungushia pete upya na kuviweka wima. Asubuhi iliyofuata vilikuwa vimegeukia kule kule. Nzioka aliacha kupiga mluzi.

Halafu wakaja ng'ombe. Mvua zilikuwa zimerejesha nyasi, na ng'ombe wa majirani walirudi. Walikuwa wakipita nje ya ua kwenda majini, wanafika sawa na lile tuta, wanasimama. Wanashusha vichwa na kulia, ule mlio mnene wa kutokea tumboni ambao ng'ombe hulia mahali mwenzao alipochinjwa. Mchungaji wao alikuwa akiwachapa, hawaendi. "Ni mifupa ya buchani, wanasikia damu," Nzioka alisema. Lakini mifupa hiyo hiyo tuliitia kwenye matuta yote, na kwenye mengine hawakusimama hata kidogo.

Mimi ni mtu wa kanisa, mshiriki kamili, na mambo ya vivuli nawaachia wavivu. Lakini niliogopa, na sioni haya kusema. Nilianza kumwagilia huku nikiimba tenzi ili nisisikie lile koo.

Mchana mmoja niliponyamaza ili nivute pumzi, wimbo uliendelea. Haukuwa wangu. Ilikuwa sauti ya mwanamke ikivuma chini chini, wimbo usio na maneno, wa kubembeleza, na ulitoka upande wa tuta. Nilishika tangi mpaka nikapata akili ya kuchungulia nje ya ua, na hapo nikamwona: mama wa Kimaasai, si kijana wala si mzee, amekaa chini ya mgunga, miguu ameinyoosha mbele, anatazama kopo langu. Sikumbuki kama nimewahi kufurahi hivyo kumwona binadamu.

"Takwenya," nikamwamkia, kama tunavyowaamkia akina mama wao.

"Iko."

Nikamwinulia kopo juu ya ua, nikidhani ana kiu. Akatikisa kichwa.

"Hiyo si yangu," alisema. "Nyinyi munaweka maji hapo kila siku?"

"Kila asubuhi, mama. Na jua likiwa kali, jioni pia."

Akaitikia kwa kichwa, akainuka, akaenda zake. Siku nyingine akarudi, na nyingine. Hakuomba kitu. Alikaa, akaimba, nikimaliza kumwagilia akaondoka. Nilimwambia Nzioka, naye akasema mwacheni, kivuli si cha mtu. Lakini niliona kwamba tangu hapo alikuwa anazunguka upande wa pili wa tangi ili asikutane naye.

Agosti tuling'oa. Kati ya vitunguu vyote vya tuta lile, kimoja cha katikati kilikuwa kimewapita wenzake. Sikuwahi kuona kingine kama hicho, si kabla wala baada. Nzioka alilala juu ya ubao, akapitisha uma chini yake, akakiinua kwa mikono miwili taratibu, na mizizi ikaja yote bila kukatika. Ndani ya mizizi mlikuwa na ushanga: mstari mmoja wa shanga za buluu na nyeupe, mviringo mdogo wa mkono wa mtoto. Mizizi ilikuwa imepita katikati yake na kuusokota, usingeweza kuutoa bila kukata. Tulitazamana. "Ushanga huanguka popote," Nzioka alisema, lakini ulipofika wakati wa kupogoa mizizi, alipogoa ya vingine vyote na kukiacha kile.

Siku moja kabla ya maonyesho tulikuwa stoo. Vinne vilikuwa vimekwisha kulazwa kwenye sanduku, na Nzioka alikuwa akikipaka poda kile kikubwa, flana imetandikwa magotini. Mlango ukatiwa giza. Yule mama alikuwa amesimama pale.

"Takwenya, mama," Nzioka alisema.

"Iko." Macho yake hayakutoka magotini kwa mzee. "Kwa nini unapaka yeye poda?"

"Ngozi isipasuke."

Akanyoosha mikono. Nzioka hakumruhusu hata Daktari kugusa kitunguu kilichopakwa poda, na mpaka leo sijui kwa nini alimpa. Akakipokea na flana yake, akakilaza kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto, kiganja cha kulia kikishikilia chini, na mwili wake ukaanza kuyumba wenyewe. Ninyi mliozaa mnajua kuyumba huko. Kisha flana ikafunguka chini, akaiona mizizi.

"Hii nilishona mimi," alisema.

Jina lake lilikuwa Nolari. Alitueleza akiwa amesimama, bila kupandisha sauti. Ukame wa zamani, kabla ya huu, wanaume walikuwa mbali na ng'ombe, na mto ulikuwa mchanga mtupu. Binti yake alikuwa anaanza kutembea. Akashikwa na homa. Punda walikwenda kutafuta maji, wakachelewa. "Alikuwa anasema maji, maji. Hiyo ndio neno alikuwa anajua mzuri. Halafu akawacha kusema." Walimlaza ndani ya boma, kwenye zizi la ndama, kwa sababu alikuwa mdogo na hawakutaka awe peke yake nje. Halafu wakahama. Kila mvua zikinyesha, Nolari alikuwa anarudi kupaona mahali pale. Mwaka huu alikuta shimo na alama za magurudumu. Akaenda soko la Kajiado kuuliza ni lori la nani, na Abdi alipoelewa anachoulizwa, alishika kichwa kwa mikono miwili, akamwelekeza kwetu.

Nzioka alikuwa ameketi juu ya gunia, mikono yake ina poda mpaka kwenye vifundo.

"Mama, makosa ni yangu," alisema. "Mimi najua kuuliza. Sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nataka hiyo mbolea. Kesho naita lori. Tutarudisha udongo yote, hata kama ni na mikono."

Nolari akatikisa kichwa.

"Kule hakuna maji," alisema. "Mimi nimekaa hapo nje nasikia. Hapa anakunywa. Kila siku anakunywa."

Nilikuwa nimejaribu majuma mengi kutosikia ile sauti, na kumbe kulikuwa na mtu aliyekuja kwa miguu kutoka mbali ili aisikie.

"Huyu munapeleka wapi?" aliuliza.

"Kwa maonyesho," Nzioka akamjibu. "Watu wamwone."

"Halafu?"

Mzee wangu alikuwa na makosa yake lakini hakuwa mwongo. Alitazama sanduku, akatazama ile nafasi ya tano ndani ya maranda. "Halafu wanampasua katikati," alisema. "Wanaangalia moyo."

Nolari hakulia, hakuomba. Aliikunja tu flana vizuri, akaifunika mizizi na ushanga, akabaki akiyumba. Nje ng'ombe walikuwa wamefika uani na walikuwa wakilia. Vitunguu vinne si seti, na katika tuta lote hakukuwa na kingine cha kukaribia kile. Nilimwona Nzioka akitazama mlango ambamo mwaka huu, hatimaye, kikombe kingepita. Uso wake ulizeeka pale pale.

"Mwiitu," aliniambia, "lete ubao."

Tuliuweka juu ya tuta. Akalala kifudifudi na koti lake la jeshi, akachimba kwa vidole mahali pale pale, Nolari akapiga magoti na kumpitishia mtoto wake mkononi. Nasema mtoto, hamkuwapo. Nzioka akakishusha, akakifunika, akabaki na mkono ndani ya udongo kitambo. Mimi nikamwagilia. Tuta likameza kwa muda mrefu kuliko siku zote, na lilipotulia, ng'ombe nao walikuwa wamenyamaza. Wakaondoka mmoja mmoja kuelekea majini, bila kuchapwa.

Daktari alikuja kesho yake kuchukua sanduku. "Cha tano kiko wapi?" aliuliza. "Kimerudi shambani," Nzioka alimjibu. Daktari alikuwa ametibu ng'ombe wa nchi hii tangu ujana wake. Alimtazama Nolari aliyekuwa amekaa chini ya mgunga, akavua kofia, na hakuuliza tena. Yule wa milimani akachukua kikombe kama kawaida yake.

Kabla ya Krismasi, Nzioka aliniita nyuma ya tangi. Hapakuwa pameota jani. Alitaka kujua kama kile kitunguu kimeoza, maana kilichooza huambukiza udongo. Akalala juu ya ubao, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa huku na huku. Hakukuwa na ganda wala ushanga. Ghafla akatulia, akafumba macho, na nilipokaribia kumshika bega, akautoa mkono polepole sana, kama mtu anayejinasua bila kutaka kuamsha. Alikitazama kidole chake cha shahada.

"Ni nini, mzee?"

"Mizizi," alisema. Akaufuta mkono kwenye koti na kwenda zake stoo.

Mimi nilikuwa nimelipepeta tuta lile mwenyewe baada ya kung'oa. Hapakuwa na mzizi hata mmoja.

Nzioka alistaafu bila kikombe. Miaka ya elfu mbili nilipokipata mimi, kwa vitunguu vya tuta la mbele, nilikipeleka Makueni nikampikia uji na kumnywesha ndani yake. Alikunywa, akasema kina ladha ya bati. Kisha akaniuliza jambo moja tu, naye alikuwa hawezi tena kuinuka kitandani: "Unampatia maji?" Nikamwambia kila asubuhi. Akageukia ukutani, akalala. Kikombe chenyewe ndicho kile cha ofisini mnachotilia kalamu.

Basi ndiyo hivyo. Sikuwaambia mlipokuwa mkinicheka kwamba nyanya anamwagilia hewa, kwa sababu nilikuwepo kumwagilia, na aliyepo hana haja ya maneno. Nilipoondoka nilidhani mtaendelea kwa mazoea. Juzi kwenye simu, baada ya ile habari ya sukuma wiki, mmoja wenu akaniambia kwa kicheko kwamba tuta limepasuka nyufa, na kwamba ng'ombe wa jirani wameanza kusimama nyuma ya tangi na kulia, na hamjui wanataka nini. Mliona nimenyamaza, mkadhani mtandao umekatika.

Mwambieni meneja atafute mahali pengine pa sukuma wiki. Chukueni lile kopo lenye mpini wa waya, mwende kesho kabla ya chai, mmwage polepole, na msikimbie mkisikia koo. Nolari sasa ni mzee na anatembea kwa fimbo, lakini siku za soko bado anapita. Atasimama uani na kuwauliza alichokuwa akiniuliza mimi: "Amekunywa?"

Mwambieni ndiyo, na iwe kweli.